Mnuso wa Watu 12 Mazwi: Hakuna Chipsi, Hakuna Soda, na Viti Vimejaa!

Wale wa Dar na Mwanza mnaonisoma huku feni linawapuliza, mjue huku kwetu Sumbawanga tunasoma gazeti chini ya blanketi. Mji uko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ukishaingia mwezi wa Juni upepo unaoshuka kutoka milima ya Mbizi haukuulizi umevaa nini. Baridi ya namna hiyo inataka msosi wa uhakika, kwa hiyo wiki hii ni msosi tu. Mapenzi tutayarudia. Yule kijana wa Kizwite aliyetaka ushauri kuhusu mchumba wake na fundi baiskeli, vuta subira ndugu yangu, kesi yako ni ndefu.

Kuna dada mmoja hapa mjini, pande za Mazwi, anapika.

Mtasema, kwani wanaopika ni wachache? Kila kona kuna mama lishe na sufuria lake, kila stendi kuna kijana na kikaango cha chipsi mayai. Najua. Ila huyu kaja na staili yake. Mara mbili kwa mwezi, Jumamosi jioni, anatoa makochi yake nje kibarazani, anaunganisha meza mbili na ubao aliouazima kwa seremala jirani, anatandika vitenge, halafu watu 12 wanaingia sebuleni kwake, wanakaa, wanakula alichopika. Hakuna kuchagua, na menyu ukutani usiitafute. Unatuma shilingi 15,000 kwa simu siku tatu kabla, unafika saa moja jioni, na ukichelewa utakuta wenzako wameshafika kwenye maharage. Wengi hawajuani. Utamkuta nesi kakaa na dereva wa lori la mahindi, mwalimu mstaafu yuko na muuza simu, wachumba wawili wako kona wanalishana (ndio, mapenzi yamejipenyeza humu humu).

Jina lake silitaji. Mwenyewe kasema hataki foleni mlangoni, na nasikia mwenye nyumba bado anadhani zile ni sherehe za kipaimara. Tumwite Dada Mpishi.

Jambo lenyewe kwa wenzetu si geni. Kule Cuba, mwaka 1993, uchumi ukiwa hoi baada ya Warusi kuacha kuwabeba, serikali iliwaruhusu watu kufungua migahawa ndani ya nyumba zao, kwa masharti ya viti visivyozidi 12. Wakaiita paladar, jina walilolitoa kwenye tamthilia ya Kibrazili ambayo shujaa wake, mwanamke, alianza kwa kuuza chakula akaishia kuwa na mgahawa wa jina hilo. London nako watu wanalipa kwenda kula sebuleni kwa mtu wasiyemjua na wanaona ni ujanja. Nilipomsimulia Dada Mpishi habari za Cuba alicheka sana. Yeye 12 yake ilitokana na sahani. Alizo nazo zinazofanana ni 12.

Sasa huyu mtu katokea wapi? Ni mzaliwa wa hapa hapa, mtoto wa mkulima. Alisomea upishi Arusha, akaajiriwa kwenye hoteli moja ya watalii huko huko, akapanda kutoka kukata vitunguu mpaka kusimamia zamu ya usiku. Mwaka 2020 corona ikafunga viwanja vya ndege duniani, watalii wakapotea, hoteli ikawaita wafanyakazi ikawaambia nendeni nyumbani tutawapigia simu. Hiyo simu hajaipata mpaka leo. Akapanda basi na binti yake na visu vyake vitatu vilivyofungwa kwenye taulo, akarudi Sumbawanga.

Alipofika akamkuta mama yake ana sukari, anatembea kwa shida, na daktari kamwambia apunguze ugali. Sasa mwambie Mfipa apunguze ugali! Ni kama kumwambia mvuvi wa Kirando asiguse maji. Hapo ndipo Dada Mpishi akaanza kumpikia mama kwa akili: tonge dogo, mboga nyingi, maharage, samaki, mafuta ya kuhesabu. Majirani wakawa wanapita kusalimia saa za chakula (mnawajua majirani wa aina hiyo, na wewe ni mmoja wao). Jirani mmoja, nesi, akasema dada hiki chakula ningelipia. Basi. Ndivyo ilivyoanza, bila mtaji wala semina ya ujasiriamali.

Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma. Elfu 15 kwa mwandishi anayelipwa kwa kipande si hela ya mchezo, kwa hiyo tulikubaliana: naosha vyombo, nakula, naandika. Nikaenda na mshikaji wangu mmoja muuza simu, yeye alilipa taslimu, bishoo kweli kweli, kavaa jaketi la ngozi limevimba upande mmoja. Dada Mpishi akamtazama pale mlangoni, akatabasamu.

“Karibu mdogo wangu. Hiyo chupa nayo inasikia baridi, ipumzishe hapo na viatu.”

Mchizi alikuwa kaficha soda! Watu wakacheka mpaka mzee mwalimu akavua miwani. Sheria ya nyumba ile ni togwa, maji, au chai ya tangawizi isiyo na sukari. Soda moja ya kawaida ina sukari kama vijiko 9 vya chai. Ukimpa mtu vijiko 9 kwenye kikombe cha chai atakuuliza una nini, lakini kwenye chupa anashushia na kuomba nyingine.

Basi tukakaa. Kwanza likaja boga la kuchemsha, limepondwa kidogo, juu karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusu nusu. Halafu maharage mapya, yale ya msimu huu, yamepikwa na nyanya alizozibabua kwenye makaa, kitunguu saumu na tangawizi. Halafu majani ya maboga, halafu migebuka.

Nisimame kidogo kwenye migebuka, maana hapa ndipo nilipokosa adabu nikaongeza mara mbili. Hao ni samaki wa Ziwa Tanganyika, wembamba, warefu, wanabanikwa kwa moshi huko Kasanga na Kirando ndipo wanapanda mlima kuja kwetu. Watu wengi huku wanawadumbukiza kwenye mafuta yanayochemka, wanaongeza chumvi juu ya moshi, basi. Dada Mpishi anawaloweka kwenye maji ya moto, anamwaga yale maji, anatoa miiba mikubwa kwa mkono mmoja mmoja, kazi ya saa nzima, halafu anawachemsha taratibu kwenye rojo la karanga na pilipili moja nzima ambayo haipasuliwi. Mafuta ni ya alizeti ya hapa hapa Rukwa, na anayapima: vijiko vinne vya chakula kwa sufuria la watu 12. Nimemwona kwa macho yangu. Nyumbani kwetu vijiko vinne ni vya kulainisha kikaango.

Mwaka 2024 nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani sisi, Congo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Ni jambo la maana, silipingi. Lakini miezi ile mitatu Dada Mpishi aligeuka mtu wa mayai na maharage, na kuna wateja wawili walimnunia kabisa, kana kwamba yeye ndiye aliyelifunga ziwa.

Mwisho ukaja ugali. Mshikaji wangu kuuona akanong'ona: “Hii ni ya kuonja?” Maana ni tonge moja, limepigwa kwenye bakuli dogo likatoka duara kama kofia, ukubwa wa ngumi yako, rangi ya udongo wa kichuguu. Ugali wa ulezi. Nusu ya sahani imeshajaa mboga, robo maharage na samaki, hiyo robo iliyobaki ndiyo ya ugali, na ndiyo umefika.

“Ukimaliza hiyo mboga yote na bado una njaa, njoo jikoni nikuongezee,” Dada Mpishi akamwambia. Mchizi hakwenda. Alishindwa kumaliza mboga.

Chumvi mezani hakuna. Mzee mwalimu, mtu wa presha lakini mbishi, aliiulizia mara mbili.

“Dada, huku chumvi imeisha au imefichwa?”

“Shikamoo mzee wangu. Ipo ndani ya chakula, imeshamaliza kazi yake.”

“Marahaba. Mimi siisikii.”

“Utaisikia Jumamosi ya tatu, mzee. Ulimi nao unafundishika.”

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, siku nzima, milo yote. Mzee akanung'unika, akakamua limao juu ya samaki, akala, akasafisha sahani. Mwezi uliofuata nilimkuta tena. Hakuuliza.

Sasa wale wajuaji mnaosema ulezi ni dawa ya sukari, punguzeni kidogo. Nilimuuliza Dada Mpishi swali hilo hilo akanikatisha: ulezi nao ni wanga, ukila mlima mzima sukari itapanda vilevile. Faida yake ni kwamba unasagwa na maganda yake, una nyuzinyuzi, kwa hiyo hauingii kwenye damu kwa pupa kama sembe nyeupe. Na una madini ya chokaa ya mifupa, zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100, wakati mahindi yana kiasi kidogo sana. Sembe yenyewe mnaijua: punje inakobolewa, kiini na ganda vinakwenda kwa nguruwe, sisi tunabaki na weupe. Nguruwe wa Sumbawanga wanakula vizuri kuliko wenye nyumba. Dona ni bora, lakini vijana wa mjini wanaona dona ni chakula cha bwenini, walishakula shuleni yatosha.

Na hapa kuna kichekesho kinachouma. Ulezi ndio ulikuwa chakula cha Ufipa! Bibi zetu walilima ulezi na maharage kwenye matuta ya duara ambayo chini yake wamezika majani ili yaoze yawe mbolea, ujuzi ambao wataalamu wa Kizungu walikuja kuusoma na kuuandikia vitabu. Mahindi yalitawala baadaye, hasa miaka ya 1970 na 1980 serikali iliponunua mahindi kwa bei moja nchi nzima na kusambaza mbolea, hata mkulima wa mwisho wa barabara akaona inalipa. Tukaitwa mmoja wa mikoa minne mikubwa ya mahindi, sisi na Iringa, Mbeya na Ruvuma, na tukajisikia. Sina ubaya na mahindi, yamenisomesha mpaka kidato cha nne. Lakini ulezi ukabaki wa pombe na wa uji wa mgonjwa. Kuulima ni kazi, palizi yake ni ya kuinama, ndege wanaupenda, na usipoupepeta vizuri utasaga mchanga kwa meno. Kijana gani atakubali, wakati gunia la mahindi lina mnunuzi kesho asubuhi?

Wale wa Dar ninawasikia: “Chakula cha Sumbawanga, mbona tunaogopa!” Jina la mji wenu, mnasema, maana yake tupa uchawi, basi nyie mmeutupa wapi kama si kwenye sufuria? Picha za meza ile zikiwekwa mtandaoni, mtu wa Sinza lazima aulize kama kuna “vitu” ndani. Jibu la Dada Mpishi huwa moja: vimo, tangawizi na kitunguu saumu.

Haya, utani pembeni.

Nilipokuwa naosha masufuria usiku ule nilimwambia kitu kilichokuwa kinanikereketa. Nikasema, dada, hawa wanaokula kwako wana mshahara. Wanapunguza vitambi. Wanaokosa lishe hawatakaa Mazwi kwenye kitenge. Sikutaka kumvunja moyo, ila mimi nimetoka kijijini, najua ninachosema.

Hakukasirika. Akafuta mikono, akaniambia: “Jumanne uko wapi? Njoo saa kumi na mbili asubuhi, vaa sweta.”

Jumanne hiyo tulikuwa wanne kwenye bodaboda mbili, pamoja na kinu kidogo, sufuria mbili, dagaa, na tenga la parachichi, tunaelekea kijiji kimoja upande wa barabara ya Matai. Ilikuwa Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ile wanayoiita SALIKI, inayofanyika kila baada ya miezi mitatu. Wahudumu wa afya wanapima watoto uzito, urefu, na mkono kwa ule utepe wa rangi tatu. Yule nesi mteja ndiye aliyemuingiza Dada Mpishi humo: njoo upike mbele ya akina mama, mimi nimechoka kuwahutubia.

Kabla sijawasimulia, chukueni hesabu hii, hata kama mnasoma kwa ajili ya kucheka. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikuta Rukwa inaongoza nchi nzima kwa watoto kudumaa: katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 56 wamedumaa, wakati nchi nzima ilikuwa 34. Utafiti wa 2022 ukakuta tumeshuka, lakini mpaka karibu 50, nchi nzima ikiwa 30. Waliotupita safari hiyo ni Iringa na Njombe. Angalia hayo majina, msomaji. Hiyo ndiyo mikoa ya magunia! Wilaya ambayo malori yanapanga foleni kubeba chakula, nusu ya watoto wake ni wafupi kuliko umri wao, na ubaya wa kudumaa hauonekani kwa macho. Mtoto anakimbia, anacheka, shavu limejaa ugali. Wakikwambia “ukoo wetu ni wafupi tu,” unakubali. Kumbe siku 1,000 za kwanza, tangu mimba mpaka miaka miwili, ndizo zinazojenga mwili na ubongo, na zikishapita hazirudishwi kwa chipsi kuku.

Sababu zake hakuna aliyenihutubia, niliziona. Saa tatu asubuhi akina mama wengine walikuwa wametokea shambani moja kwa moja, mtoto mgongoni. Wameamka alfajiri. Mtoto kanywa uji mweupe wa sembe, mwepesi kama maji ya kunawa, kaachiwa dada yake wa miaka saba. Mchana ugali. Usiku ugali. Maharage yapo, ila ni ya kuuza.

Dada Mpishi hakuhutubia. Akawasha moto, akatwanga dagaa mpaka wakawa unga, akaonyesha uji unavyotakiwa: ukiinua kijiko usikimbie. Kijiko cha unga wa dagaa ndani, karanga zilizosagwa ndani, matone ya mafuta. Parachichi likapondwa kwa uma. Mboga ikaoshwa kwanza ndipo ikakatwa, si kukata halafu kuisuuza mpaka rangi yote iende na maji. Mama mmoja akauliza kuhusu ule unga wa lishe wa dukani, mchanganyiko wa mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, sijui na nini, wa bei mbaya.

“Mama, nafaka tano ni wanga mara tano,” akamjibu. “Chukua moja unayolima, iliyo safi. Karanga usisagie humo zikakaa miezi, zinachacha, na zikiota ukungu ni sumu. Saga za leo, tia leo.”

Hilo la sumu si la kutishia watoto. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, kutokana na mahindi.

Watoto wakala. Wachache walitema, ndio watoto hao. Nikawa najisikia raha, nimeshaanza kuiona makala yangu kichwani, ndipo mama mmoja kijana, labda umri wangu, mtoto wa pili mgongoni, akasema kwa upole kabisa:

“Dada, mayai tunayo. Kuku ninao saba. Ila yai ndio daftari. Yai ndio chumvi. Nikimpa huyu yai, yule mkubwa anarudishwa shule.”

Pakawa kimya. Yule nesi akatazama chini. Mimi nilikuwa na daftari mkononi, nikalifunga.

Dada Mpishi akakaa chini pale pale, kwenye jamvi, akaanza kupiga naye hesabu. Kuku saba, wanaotaga kwa sasa wangapi? Watatu. Kwa wiki unaokota mangapi? Kumi, wakati mwingine nane. Yote yanauzwa? Yote. Mume anajua bei? Anajua, yeye ndiye anayepeleka dukani. Basi, mawili kati ya kumi yabaki nyumbani, ya huyu mdogo, hayo mawili usiyaingize hata kwenye hesabu. Na dagaa wa mia tano kwa wiki badala ya biskuti.

“Nitamwambia mwenzangu,” yule mama akasema.

Mwenzake alikuwa amesimama na wanaume wengine chini ya mti, wamekuja kutazama. Dada Mpishi akanyanyuka akawafuata na sufuria. Nasema ukweli, hapo alinishinda. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja, akawapa uji ule wa dagaa wauonje, watu wazima na vikombe vya plastiki, halafu akauliza ni nani kati yao anajua mwanawe ana urefu gani. Wakachekana. Hakuna aliyejua. Ng'ombe wake kila mtu alijua uzito. Baba mmoja akasema, sasa dada, na sisi tukija kliniki tutaonekanaje? Mwingine akamjibu, utaonekana una mtoto. Wakacheka tena, lakini wawili waliingia kwenye foleni ya ubao wa kupimia. Yule mume wa kuku saba sikumwona kwenye foleni. Labda aliingia nikiwa nafunga mizigo.

Njiani kurudi, upepo unapiga, nikamuuliza nani anayelipia hizi safari. Akaninyooshea kidole kifuani. “Meza yenu ya Mazwi.”

Nilimwomba hesabu akanipa bila kuficha. Watu 12 mara 15,000 ni 180,000. Migebuka 42,000. Maharage, karanga na mboga 18,000. Ulezi na kusaga 14,000. Boga, parachichi, togwa na asali ya mwisho 16,000. Mkaa 8,000. Wasichana wawili wa kusaidia 20,000. Inabaki 62,000, na kwa mwezi ni 124,000. Humo atoe kodi, dawa za mama, na binti yake aliyeingia kidato cha kwanza mwaka huu. Na bodaboda za SALIKI.

Nawaambieni hayo kwa sababu mambo sasa yamekuwa mambo. Kuna mwenye loji mmoja hapa mjini, tangu lami ya Tunduma ifike wageni wameongezeka, anamtaka Dada Mpishi awe mkuu wa jiko lake. Shilingi 350,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Menyu: chipsi kavu, chipsi mayai, chipsi kuku, nyama choma, wali. Ni mshiko wa uhakika. Kwa mtu mwenye mtoto sekondari na mgonjwa ndani, mimi nani nimwambie aukatae? Mama yake anataka aende. Nesi anataka asiende. Mzee mwalimu anasema akienda yeye atarudia chumvi, na hiyo ni blakimeili ya wazi wazi.

Dada Mpishi hakusema ndiyo wala hapana. Alipeleka masharti: Jumamosi mbili za mwezi ziwe zake, siku ya SALIKI iwe yake, na ugali wa ulezi uingie kwenye menyu. Bosi hayo mawili ya kwanza alikuwa tayari kuyafikiria. La tatu lilimchekesha. Wageni wangu wanatoka Dar, akasema, watakula ugali mweusi?

Hakubishana naye. Jumatatu alipika, akajaza hotipoti mbili, migebuka kwenye moja na ulezi kwenye nyingine, akanituma mimi nizipeleke loji saa saba mchana, muda ambao wageni wanakula. Nikaziacha mapokezi.

Jana jioni nimezifuata. Zimeoshwa, hazina hata punje. Bosi hakuwepo, na jibu hakuacha. Msichana wa mapokezi ndiye aliyenivuta pembeni kuniuliza kama Jumamosi ijayo bado kuna nafasi, yeye na mwenzake.

Nikampa namba ya kulipia. Vilikuwa vimebaki viti viwili.